Nyoka chini ya kitanda



Wengi wenu mmetusimamisha njiani, sokoni na hata kwenye foleni ya maji, mkiuliza kama ile habari ya nyoka ni ya kweli. Ni ya kweli. Leo tunaisema yote, kwa ruhusa ya mama mwenyewe, ila jina lake tunaliacha kwake.

Wiki tatu zilizopita, kwenye mkutano wetu wa likirimba, mama mwenzetu wa hapa Mugunga alichelewa, akaketi karibu na mlango. Zamu yake ya kutoa pesa ilipofika akasema: "Pesa ninayo. Shida yangu ni nyingine. Mtoto wangu anafuga chatu ndani ya beseni, chini ya kitanda."

Wawili kati yetu walinyanyua miguu kama vile nyoka alikuwa tayari chini ya benchi. Mmoja akasema twende na panga, mambo yaishe leo leo. Lakini mama mzee wa kikundi, ambaye tangu tumjue hatujamwona akiogopa kitu, aliuliza tu: "Na anamlisha nini?"

Mama wa mtoto hakujua. Basi jumamosi tulikwenda kuona.

Kijana ana miaka 11. Walifika Mugunga miaka miwili iliyopita wakikimbia vita upande wa Masisi, na mama yake anasema tangu siku ile alikuwa mtoto wa "ndiyo" na "hapana" tu. Kisha binamu mmoja anayefanya biashara ya samaki wa chumvi alitoka Vitshumbi, kwenye ziwa Edouard, na ndani ya bidoni ya lita tano iliyokatwa juu alikuwa na chatu mdogo aliyemkuta karibu na njia, katika ule uwanda wa Rwindi. Alitaka kumwonyesha kijana kwa siku moja. Kijana hakumrudisha tena. Na tangu hapo anaongea. Anaongea asubuhi, anaongea akila, ila maneno yake yote ni ya nyoka. Ndiyo maana mama alishindwa kuchukua panga. Na katika chumba kilekile, juu ya godoro lilelile, analala mtoto wake mwingine wa miezi minne.

Kijana alivuta beseni, akaondoa kipande cha bashi kilichofungwa kwa kamba ya mpira. Ndani, juu ya gunia lililokunjwa, chatu alikuwa amejiviringa kama ngata. Urefu wake haukufika mkono wa mtu mzima.

Kwanza tulitaka kujua kama kweli ni chatu, maana hapo ndipo mtu anaweza kufa. Katika uwanda uleule kuna kifutu, na kifutu mdogo pia ni mnene na ana madoa. Chatu ana kichwa kirefu chenye alama ya kahawia kama ncha ya mkuki juu yake, na kwenye midomo ana vishimo vidogo ambavyo kwa hivyo anasikia joto la panya hata gizani. Kifutu ni mfupi, mnene kuliko urefu wake unavyoomba, mkia wake ni kijipande tu, na mgongoni ana alama kama herufi V zinazofuatana. Akiudhika anapumua kwa nguvu kama kiriba. Chatu hana sumu. Kifutu anayo, na mtoto wake anayo tangu siku anayozaliwa. Huyu alikuwa chatu, na tulipumua. Lakini tunawaambia: mtoto akileta nyoka nyumbani, msimfungue ili kumtazama vizuri. Wekeni kifuniko, jiwe juu yake, mwiteni mtu anayejua.

Na mtu akiumwa na nyoka yeyote, msifunge kamba, msikate ngozi, msinyonye damu. Lile jiwe jeusi ambalo nyumba nyingi zinalitunza kwenye kabati halitoi sumu. Mgonjwa alazwe, mguu au mkono usitikisike, pete na bangili zitoke kabla ya uvimbe, na mbio kwenda hospitali. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limeweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na wanaoumia zaidi ni watu wa vijijini, wanaolima na kutafuta kuni. Maana yake ni sisi.

Turudi kwenye beseni. Kijana alikuwa amempa chatu sambaza. Alikataa. Akampa maziwa ya unga. Alikataa. Akampa fufu kidogo na sombe (tusicheke, alimpa kile anachokula yeye), akakataa, na kijana akalia usiku mzima akisema nyoka atakufa. Siku ya nane alimkamatia panya mdogo jikoni, na chatu akameza. Kuanzia hapo kijana alijiona daktari.

Kwa kweli chatu mdogo si mgumu kulisha. Anataka mnyama mzima, pamoja na manyoya na mifupa, mwenye unene kama wa mwili wake mwenyewe au chini kidogo, kila siku saba hadi kumi. Akishameza haguswi siku mbili, maana akishtuliwa anatapika. Panya aliyekufa ni bora kuliko panya hai, kwa sababu panya hai naye ana meno, na chatu asiye na njaa ataumwa. Anapewa kwa kijiti kirefu, si kwa vidole. Mkono wenye harufu ya panya, kwa chatu ni panya. Panya wa jikoni ana hatari nyingine tena: kama jirani ameweka dawa ya panya, chatu anakula dawa ile. Na kabla ya kubadili ngozi macho yake yanakuwa meupe kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Haoni vizuri, hataki kula, hataki kushikwa. Kijana alikuwa amekwisha kuona jambo hilo peke yake. Alitueleza kwa sauti ya mwalimu, na mama yake alikuwa anamtazama yeye, si nyoka.

Mama mzee wetu alisema, kama ilivyotazamiwa: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Ni kweli, lakini methali haisemi mama yake ni wa namna gani. Profesa mmoja wa Afrika Kusini, Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alifuata kwa miaka saba chatu wa kusini mwa Afrika, ndugu wa karibu wa huyu wetu, na mwaka 2018 akaandika alichokiona. Chatu jike anataga ndani ya shimo, anayazunguka mayai kwa mwili wake. Ngozi yake inageuka nyeusi ili ishike jua vizuri zaidi. Anatoka mlangoni kuota jua mpaka mwili wake unakaribia nyuzi 40, kisha anarudi ndani kuwapa mayai lile joto. Katika kipindi chote cha uzazi, karibu miezi sita, hali kitu, na anapoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Watoto wakiangua habanduki. Kwa muda wa wiki mbili hivi wanarudi usiku kulala ndani ya mizunguko ya mwili wake.

Tulicheka kidogo tulipoyasoma hayo kwa sauti: sisi tunabeba bidoni, tunapika, tunafua, yeye kazi yake ni kuota jua. Halafu yule mwenye mtoto wa miezi minne akasema, "Miezi sita bila kula?" na kicheko kiliisha.

Joto, basi. Hapo ndipo Mugunga yetu inamshinda mtoto huyu wa Rwindi. Sisi tuko juu, karibu mita 1500, usiku wetu ni baridi, na nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkeno haishiki joto. Chatu mdogo anataka upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 28 hadi 32, na upande wa pili uwe baridi kidogo ili achague mwenyewe. Akikosa joto chakula kinaozea tumboni, anakitapika, kisha mapafu yanashikwa: anapumua kwa sauti, mdomo wazi, na mate yenye mapovu. Kijana alikwisha kufikiri. Alimwambia mama yake kwamba usiku ataweka mbabula karibu na kitanda, makala machache tu, mlango umefungwa.

Hapo sisi sote tulisema hapana kwa pamoja. Hewa ya makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa haina harufu, haina rangi, na inaua watu usingizini. Tunajua familia zinazofanya hivyo kila msimu wa mvua, si kwa ajili ya nyoka, kwa ajili ya watoto. Tafadhali, mbabula ibaki nje. Kwa chatu inatosha chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa kizito, upande mmoja wa sanduku, ibadilishwe kabla ya kulala na tena alfajiri. Hilo nalo ni makala na maji, na makala na maji ni pesa. Mama alihesabu kimya, tukamwona akihesabu.

Halafu kijana akasema neno ambalo lilituogofya kuliko nyoka. Alisema panya wa jikoni wamekwisha, na yeye na rafiki zake wanakwenda asubuhi mapema kuwatafuta kwenye mashimo ya mawe, kule chini, upande wa ziwa.

Mazuku. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua, lakini wengi wetu tulikuja na vita, na watoto wetu hawajui. Ile hewa inatoka chini ya ardhi ya volkeno, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa katika mabonde na mashimo kama maji yanavyojaa beseni. Haionekani. Mbuzi anaingia kula majani, anaanguka. Mtoto mfupi anapumua hewa ambayo mtu mzima aliyesimama karibu naye haimfikii. Mbaya zaidi ni usiku na alfajiri, wakati upepo haujaanza kuitawanya. Mkiona ndege au panya waliokufa ndani ya shimo bila jeraha, hapo ni mazuku, na anayeteremka kumtoa aliyeanguka mara nyingi anaanguka naye. Tulimwambia kijana hivyo, pole pole, mara mbili. Alinyamaza, kisha akasema kwamba wiki iliyopita waliona panya watatu wamelala shimoni, na walifikiri wana bahati.

Mama yake aliketi chini.

Hatukumaliza siku ile bila kuongea juu ya mikono. Nyoka, kobe, mjusi, wote wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila wao wenyewe kuugua. Kwa mtu mzima ni kuhara siku chache. Kwa mtoto mchanga inaweza kuingia ndani ya damu. Katika nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, mama mwenye mimba au bibi mdhaifu, mnyama wa namna hiyo hafai kabisa. Kama yuko kwa siku chache, maji yake yasimwagwe mahali pa kuoshea vyombo, bakuli lake liwe lake tu, na aliyemshika anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake. Kijana alikuwa akimbeba mdogo wake na nyoka kwa zamu.

Sasa sehemu ngumu. Mtoto mwenyewe aliuliza, "Atakuwa mkubwa kiasi gani?" Tulimjibu kweli. Chatu huyu anaangua akiwa na nusu mita na kidogo. Akila vizuri, baada ya mwaka mmoja anaweza kupita mita moja na nusu. Akikomaa ni mita tatu, nne, wengine tano, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Wanaowafuga katika nchi zenye biashara hiyo wana desturi kwamba chatu akishapita mita mbili na nusu, mtu hafungui sanduku lake akiwa peke yake. Na sanduku lenyewe si bashi na kamba ya mpira. Pale kichwa kinapopita, mwili wote unapita.

Mwezi wa nane mwaka 2013, Campbellton, huko Kanada, chatu wa aina hii hii alitoka kwenye chumba chake, akapita ndani ya bomba la hewa, bomba likaporomoka, akaanguka sebuleni walikolala watoto wawili, ndugu, mmoja wa miaka sita na mwingine wa minne. Walikuwa wamekuja kulala kwa rafiki yao. Asubuhi wote wawili walikuwa wamekufa. Tulisita kama tuyaseme mbele ya kijana. Tuliyasema, bila kuyapamba, kwa sababu mdogo wake alikuwa mikononi mwa mama yake pale pale.

Wale wa panga walirudi na hoja yao, na tuliwasikiliza. Lakini kuua si jibu la pekee. Jirani zetu wa Nyakach, Kenya, karibu na ziwa Victoria, wana chatu wanayemwita Omieri, na kwao kuonekana kwake ni habari ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 mmoja aliungua katika moto wa majani, akatibiwa, akafa, na watu walimlilia. Mwaka 2003 jike mwingine alionekana akilalia mayai na wenyeji wakampa jina lilelile. Hatusemi tuamini kama wao. Tunasema tu kwamba watu wenye shamba na kuku kama sisi waliweza kukaa jirani na chatu bila kumkatakata, yeye akiwa porini kwake. Tena sheria ipo: ile namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu ulinzi wa maumbile haimpi mtu ruhusa ya kukamata mnyama anayelindwa na kumweka nyumbani anavyotaka, na chatu wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976. Msimuuze sokoni, basi. Msimwachie kwenye ua la jirani pia. Hapa atakufa kwa baridi au kwa mawe. Wenye kazi hiyo ni ICCN na watu wa ulinzi wa wanyama, na wao wanaweza kumrudisha katika nchi yake ya joto.

Mama alikubali. Shauri lake lilikuwa rahisi: kijana aende shule, nyoka atolewe, akirudi akute beseni tupu. "Atalia siku mbili, atasahau."

Hapo tulibishana naye, na tulibishana sana. Vitu vingi katika maisha ya mtoto huyu viliondoka wakati yeye hayupo au amelala. Nyumba, mbuzi, baba. Hakuna aliyemwambia kabla. Hatuwezi kumrudishia hata kimoja, lakini hiki kimoja kinaweza kuondoka akiwa amesimama, anajua siku, anajua saa. Mama alisema sisi hatulali na nyoka chini ya kitanda. Ni kweli, hatulali. Basi mama mzee akachukua sanduku lenye kufuli kutoka kwake, la kuwekea vitenge, likatobolewa matundu madogo, na chatu akahamia humo, nje ya chumba cha mtoto mchanga, katika jiko la jirani asiye na watoto. Kijana alipewa siku 16. Alizihesabu kwa makala ukutani.

Katika siku hizo alikwenda kila jioni kubadili chupa ya maji ya moto. Alinawa mikono, jirani alisimama juu yake kama polisi. Mashimoni hakwenda tena, na aliwaambia rafiki zake sababu, kwa sauti ileile ya mwalimu. Usiku mbili za kwanza hakuongea na mama yake. Ya tatu alimuuliza kama yule mama chatu wa profesa anawajua watoto wake mmoja mmoja. Mama alimjibu kwamba hajui, lakini yeye wake anawajua.

Jumanne iliyopita mtu wa ulinzi wa wanyama alifika kwa moto, na mfuko wa kitambaa mgongoni. Kijana alimtoa chatu mwenyewe, akishika katikati na karibu na kichwa, kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka. Akasema: "Macho yakiwa meupe, usimpe chakula." Mtu yule alisema anajua. Kijana akarudia: "Usimpe." Yule akasema ndiyo, sitampa.

Mama mzee, ambaye alikuwa amefikiri mbele kuliko sisi wote, alimletea jike na dume wa kobayi kutoka jikoni kwake. Kobayi anakula majani na maganda, anazaa kila baada ya miezi miwili na kitu, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuwafikisha kumi kabla ya mwaka kwisha, akauza, akanunua daftari. Kijana anawakatia majani kila asubuhi, hakosi. Tulipomuuliza jana kama anawapenda, alisema wanapiga kelele sana.